Mwalimu Shomari na Mgeni wa Sandukuni

Nimestaafu mwezi uliopita. Asubuhi ya siku iliyofuata, kabla hata ya chai, niliinua mikono yote miwili juu ya kichwa nione kama bega la kulia bado linafika. Linafika, alhamdulillahi. Limebeba vyombo vya serikali juu ya baiskeli toka Kisarawe mpaka Dutumi, masika na kiangazi, na sasa halibebi kitu. Ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Ya vyeo na mshahara yamo kwenye jalada langu ofisini, na anayeyataka akaombe ruhusa kwa karani. Mimi nitaandika habari za walimu na vyombo vyao, hasa habari za mwalimu mmoja wa Kurui ambaye nusura nimwondoe kazini kwa kalamu yangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu kutumia vitu vipya. Leo mkisikia vitu vipya mnafikiria redio. Nilipoanza, kijana mwenye ndevu za kuhesabika, kitu kipya kilikuwa ubao wa ukutani. Msicheke. Walimu wengi wa vijijini walikuwa wamesoma chuo cha Kurani kwa vibao vya mkononi, kila mtoto na kibao chake magotini, mwalimu akimpitia mmoja mmoja. Kuandika mara moja kwa ajili ya watoto wote, mbele ya macho yao, lilikuwa jambo la kutia hofu. Ukikosea kwenye kibao cha mtoto mmoja unafuta kwa kidole na dunia haijui. Ukikosea ubaoni, kijiji kizima kina habari kabla ya adhuhuri.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda shule moja karibu na Mlandizi pamoja na mtu aliyenifundisha kazi, Mwalimu Mwinyimkuu. Alikuwa mfupi, mkali, na kanzu yake haikushika vumbi la chaki hata siku moja. Mpaka leo sijui alifanyaje. Ubao ulikuwa haujaletwa, basi tukautengeneza. Tulikoroga masizi ya masufuria na uji wa muhogo, tukaupaka ukuta mara tatu, na kila ulipokauka tukausugua kwa majani ya msasa. Mwenyeji wetu akashika chaki, akaandika herufi moja, nami nikaruka kumsahihisha. Mwinyimkuu akanidaka mkono.

"Mikono nyuma," akasema kwa sauti ya chini.

"Lakini ameigeuza, mwalimu."

"Naona. Na yeye ataona. Ukimshikia chaki leo, kesho utakuja kumshikia tena, na Mlandizi ni mbali."

Mwalimu yule alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama herufi yake, akaifuta, akaiandika upya. Tangu siku ile nimekuwa nikitembea madarasani na mikono nyuma. Jingine alilonifundisha Mwinyimkuu ni kumwonyesha mwalimu chombo akiwa peke yake, watoto wakiwa bado njiani. Mtu mzima hakatai kujifunza. Anakataa kuonekana anajifunza.

Baada ya ubao ikaja taa ya kutupia picha ukutani, kisha gramafoni na santuri za matamshi ya Kiingereza. Hapo ndipo nilipojua kwamba chombo kipya hakiharibiki kama nilivyotegemea. Nilihofia wangeizungusha gramafoni mpaka springi yake ikatike, nikawaonya sana, wakasikia. Hakuna aliyeikata. Ila mwalimu mmoja wa upande wa Maili Moja aliacha santuri dirishani, jua likazipinda, na sauti ya mwanamke wa Kiingereza ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayeugua jino. Mwalimu hakujua kama ni kosa. Nilipofika baada ya miezi mingi nilikuta darasa zima linasema "Good morning" kwa maumivu makubwa. Sikuwa na moyo wa kuwaambia siku ileile, nikawaambia siku ya pili.

Redio ilikuja mwishoni, mimi nikiwa na mvi tayari. Lilikuwa sanduku dogo lenye betri kavu nzito kama tofali, waya mmoja wa kufunga juu kati ya miti miwili na mwingine wa kuzika ardhini, mahali penye unyevu. Niliwafundisha walimu kumwagia maji ule waya wa ardhini kila asubuhi kama mche wa mnazi. Somo lenyewe lilitoka Dar es Salaam, robo saa tu, kabla ya mapumziko ya asubuhi. Mwalimu aliletewa kijitabu chenye maswali ya kuuliza kabla na baada, na ramani ya kuchora ubaoni sauti inaposema. Ndiyo maana ya somo la redio: sauti inatoka sandukuni, kazi inafanywa na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto.

Masanduku yalipogawanywa, Bwana Mkaguzi, Mzungu aliyekuwa mkuu wetu, alinipa agizo. Nizunguke shule zote, nimwandikie majina ya walimu wasioweza redio, ili waondolewe waje vijana wanaotoka chuo cha ualimu. Nililipokea agizo lile kama heshima. Nasema kweli, nilijiona mtu mkubwa.

Kurui nilifika asubuhi moja nikiwa nimesukuma baiskeli kwenye mchanga zaidi ya kuipanda. Mwalimu wa pale, Shomari bin Mwishehe, alikuwa amenizidi miaka michache, mtu mrefu wa maneno machache, aliyemfundisha karibu kila mtu mwenye kusoma barua pale kijijini. Somo lilikuwa linaanza. Sikuingia. Nilisimama nje ya dirisha, mikono nyuma, nikatazama.

Shomari alifungua redio, akaiweka sawa, akawaambia watoto, "Anakuja mgeni, msikilizeni vizuri." Kisha akatoka. Akaenda nyuma ya jengo, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ndani, sauti ikasema, "Hamjambo, watoto?" Watoto wakasimama wote, wakaitikia "Hatujambo, mwalimu!" na wakabaki wamesimama. Sauti ikaeleza habari za mvua na udongo wa milimani kwa robo saa nzima, na watoto wale robo saa nzima wako wima, mmoja akibadili mguu kama kuku. Hakuna aliyechora wala aliyeuliza. Sauti ilipoaga, Shomari akarudi, akafunga redio, akawaambia watoto wakae.

Nikaingia nimekasirika. Baada ya salamu nikamwuliza, "Kaka, mbona ulitoka?"

Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini jua limechomoza. "Mwalimu alikuwa ndani," akasema.

Nikaona ananidhihaki. Sikuuliza la pili. Usiku sikulala Kurui kama nilivyozoea, niliondoka mchana uleule, na nilipofika Kisarawe nikaandika: "Mwalimu wa Kurui hufungua redio na kutoka nje kupumzika. Watoto huachwa wamesimama. Hafai." Nikampa tarishi barua aipeleke Dar es Salaam. Ilikuwa barua fupi, na nilijisifu kwa ufupi wake.

Juma lililofuata nilikuwa Dutumi. Mwalimu wa pale alikuwa Mwanaidi, binti aliyetoka chuo cha ualimu miaka michache nyuma, mwanafunzi wangu bora kuliko wote niliowahi kuwashika. Betri yake ilikuwa imekufa, basi nikasema nitafanya redio mimi mwenyewe: nisome somo kwa sauti huku nikichora, apate kuona namna mkono unavyofuata maneno. Nikashika chaki. Nikageuka kuanza, nikamkuta hayupo. Nikatoka nje, nikamkuta amesimama kando ya mlango.

"Mbona umetoka, mwanangu?"

"Si umeshika chaki wewe, baba?"

"Nimeshika ili unione."

"Nikuone mbele ya watoto? Watasema namkagua mwalimu wao mkubwa. Hata angekuwa mdogo kwangu, akiingia kufundisha nampisha. Ndivyo tulivyolelewa."

"Na redio ikisema?"

Akacheka kwa haya. "Redio nakaa, kwa kuwa kijitabu kimeniamuru. Lakini nakaa nyuma kabisa, na tangu mwanzo mpaka mwisho najiona kama namkatiza mtu. Walimu wazee sidhani kama wanaweza."

Nilisimama pale na chaki mkononi. Miaka yote ya kazi yangu, nikiingia kufundisha, mwenyeji anatoka. Na mimi, mwenzangu akishika chaki, natoka. Sikuwahi kuliwaza, kama mtu asivyowaza kuvua viatu mlangoni. Shomari hakuwa amekwenda kupumzika. Alimfanyia yule wa sandukuni heshima ileile aliyonifanyia mimi kila nilipokanyaga Kurui. Na watoto walisimama kwa sababu aliyewasalimu hakuwaambia wakae, na mwenye darasa asingeweza kutoa amri darasani mwa mgeni. Kila aliyekuwamo mle alikuwa na adabu isipokuwa mimi.

Nilimwomba Mwanaidi radhi, nikapanda baiskeli mpaka Mlandizi, nikapata lori la muhogo mkavu linalokwenda Dar es Salaam. Nilikaa juu ya magunia njia nzima nikiomba tarishi awe ameugua, Mungu anisamehe. Nilifika ofisini karani akifunga madirisha.

Bwana Mkaguzi alikuwa bado yumo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kila neno likisimama peke yake. "Barua yako imefika," akasema. "Na barua yangu ya kumwondoa imeshapigwa chapa. Inangoja sahihi."

"Bwana, niliyoyaandika niliyaona. Maana yake ndiyo sikuijua."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akagongagonga kalamu mezani. "Juma lililopita hafai. Leo anafaa. Nikuamini lini?"

"Usiniamini, bwana. Njoo Kurui utazame mwenyewe."

Akatazama kalenda ukutani. "Alhamisi kuna somo la redio. Nitakuja na barua hii. Nikimkuta nje ya darasa, nitatia sahihi palepale."

Kurui nilifika Jumatano, watoto wameshatawanyika. Shomari alikuwa nyumbani kwake anatia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Mbona umerudi upesi?"

"Nimekukosea." Nikamwambia yote, barua neno kwa neno. Hakuniangalia. Aliendelea kugonga kabari taratibu mpaka jembe likashika.

"Siku ile nilikuona dirishani," akasema. "Umesimama robo saa na jua lile. Nikasema moyoni, mwenzangu ana adabu, hataki kuingia kumkatiza mgeni."

Nilitazama chini, na aibu niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena maishani.

"Barua hiyo inarudi?" akauliza.

"Inarudi ukikaa darasani kesho, na ukisema."

"Niseme mtu mwingine akiwa anasema? Watoto wananitazama?"

"Ndiyo, kaka."

Akaweka jembe chini. "Hilo siliwezi. Waambie waniondoe tu. Nina shamba."

Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamsomea kijitabu, nikamwonyesha ramani, nikamwambia sandukuni hamna mtu. Akanijibu kwamba anajua hamna mtu, yeye si mtoto, lakini watoto watakachojifunza ni kwamba mtu mzima anaweza kukatizwa. Ikaadhiniwa alasiri, tukaenda kusali.

Baada ya sala watu hawakuondoka. Ilikuwa siku ya darsa, na mwenye darsa alikuwa Shomari. Kijana mmoja akafungua kitabu, akasoma mstari kwa Kiarabu, na Shomari akaueleza kwa Kiswahili cha nyumbani, akautolea mfano wa mbuzi na mpaka wa shamba. Kijana akasoma mwingine, Shomari akaeleza. Watu walikuwa wanamtazama Shomari. Yule kijana hakuna aliyemtazama. Nikakaa mkekani nikihisi kifua kinafunguka.

Tulipotoka nikamshika mkono. "Kaka, yule kijana akisoma nawe ukaeleza, umemkatiza?"

"Kumkatiza vipi? Yeye msomaji tu. Darsa ni yangu."

"Basi yule wa sandukuni ni nani?"

Akasimama njiani. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, anacheka. "Kumbe nilimpa heshima ya sheikh," akasema, "naye ni kijana wa kusoma!" Akacheka tena. "Lakini yule wa msikitini ananingoja. Huyu wako hangoji."

"Huyu hana malezi. Itabidi umwahi."

Tulirudi darasani, mimi nikawa redio. Nilisoma somo la kijitabu bila kusimama, naye akaeleza katikati, akichora. Mara ya kwanza nilimwacha mbali. Mara ya pili aliandika maneno magumu ubaoni kabla sijaanza, akawa anayagusa tu kwa kidole. Mara ya tatu alikuwa ananisubiri mimi. Mikono yangu ilikaa nyuma muda wote, na haikuwa rahisi.

Alhamisi Bwana Mkaguzi alikuja na gari lake hadi mlangoni, akakaa benchi la nyuma na mkoba magotini. Mimi nilikaa karibu naye. Redio ikafunguliwa, sauti ikasema, "Hamjambo, watoto?" Watoto wakasimama, wakaitikia. Nilifumba macho.

"Kaeni," Shomari akasema. "Huyu msomaji tu."

Wakakaa. Sauti ikaendelea na habari za udongo, naye akaenda nayo, mkono ubaoni, akiwadokeza watoto neno hapa na pale. Mahali fulani alitaka kueleza zaidi, akainua kiganja kuelekea sandukuni, akasema, "Ngoja kwanza." Sanduku halikungoja. Watoto wakaangua kicheko. Nikausikia mkoba wa Bwana Mkaguzi ukifunguliwa. Lakini Shomari hakubabaika. "Mmeona? Msomaji wa leo ana haraka. Tumshike mkia," akasema, akaruka mbele kwenye mchoro, akamkuta.

Redio ilipofungwa, Bwana Mkaguzi akamwita binti mmoja mdogo. "Mvua ikinyesha, udongo wa mlimani unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Tatu, bwana."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Msomaji amesema unakwenda baharini. Mwalimu amesema kabla ya kufika baharini unapita shambani kwa Bi Tatu, ndiyo maana muhogo wake umezama."

Bwana Mkaguzi alimtazama yule mtoto, akamtazama Shomari. Kisha akatoa mkobani barua yake iliyopigwa chapa, akaipasua mara mbili, na yangu akanirudishia mkononi. "Andika nyingine," akaniambia. "Hapahapa."

Niliandika juu ya kizingiti cha dirisha. Safari hii sikuipeleka moja kwa moja. Nilimpa kwanza Shomari aisome, na tangu siku ile mpaka nastaafu sikutuma tena ripoti ya mwalimu ambayo mwenyewe hajaisoma. Hilo mkilishika, mengine yote niliyoandika hapa mnaweza kuyasahau.

Aliisoma taratibu, kidole chini ya mistari. Akaniuliza kama anaweza kuomba neno moja lifutwe.

"Lipi, kaka?"

"Hapa umeandika hodari. Andika ninavyofanya tu. Hodari watasema wenyewe."

Nikalifuta. Bwana Mkaguzi akaichukua karatasi, akaenda zake. Nami nikajilaza kwenye benchi lile la nyuma, mchana kweupe, nikakoroma mpaka Shomari akaja kuniamsha, kwa kuwa kipindi cha hesabu kilikuwa kimewadia na benchi lilikuwa na wenyewe.